Mama mkwe anapanda meli ya kitalii Desemba na ameshaanza kutapika akiwa Kigamboni. Tuongee bahari chafu

Stewadi Mstaafu

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Shemeji yangu aliyeko Kanada amemkatia mama yake tiketi ya meli ya kitalii, zile kubwa zenye maduka na ukumbi wa dansi ndani. Anapandia Durban, anashukia Cape Town, Desemba hii. Zawadi ya kustaafu baada ya kushika chaki miaka thelathini na sita. Mama mkwe alifurahi siku mbili. Ya tatu akaikumbuka boti ya Zanzibar, safari moja ya mwezi wa saba, alivyoshuka Dar wakati wa kurudi, ameshikwa huku na huku kama bibi harusi, mtandio mkononi. Tangu hapo kila nikienda kumsabahi swali ni lile lile: "Baba, hiyo meli yenu haiyumbi?"

Anasema "yenu" kwa sababu nilifanya kazi huko miaka sita. Mhudumu wa vyumba, kumi na vinane asubuhi, vile vile kumi na vinane jioni. Kampuni siitaji. Nimeona badala ya kumjibu kila Jumapili, niandike hapa nimsomee, na wengine wenye safari kama hiyo wafaidike.

Inayumba, mama. Anayesema meli kubwa haiyumbi ama hajawahi kuipanda ama anauza tiketi. Ila kuyumba kwake si kule unakokujua.

Boti zetu za kasi zina matumbo mawili, nyepesi, zinakimbia. Kila wimbi zinagongana nalo, kwa hiyo unapata mishtuko mifupi ya ghafla: wewe umeshashuka, utumbo bado uko juu. Meli ya kitalii ina urefu wa kama viwanja viwili vitatu vya mpira. Vile viwimbi vinavyomtoa mtu roho mkikipita kisiwa cha Chumbe, yenyewe haivihisi. Inachokihisi ni mawimbi mapana yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali, pengine ya juzi, yasiyo na povu wala haraka. Meli inainuka taratibu, inasita, inashuka taratibu. Ukiwa kitandani unahisi mwili unakuwa mzito, halafu mwepesi, halafu mzito tena. Wengine inawabembeleza, wanalala kama watoto. Wengine ndiyo inawamaliza.

Kuna kwenda mrama, ubavu kwa ubavu. Hilo wamelitafutia dawa: chini ya maji kila ubavu una pezi kama la samaki, mtambo unaligeuza kupingana na wimbi, na mrama unapungua sana. Lakini kuna omo, yaani mbele ya meli, kupanda huku tezi, yaani nyuma, ikishuka, na hapo mapezi hayana msaada mkubwa. Ndiyo maana chumba cha mbele kabisa, sitaha ya juu, kioo ukuta mzima, bei juu, ndicho nilichokuwa naenda nacho na ndoo mbili. Watoto wakicheza pembea ya ubao, wa kwenye ncha wanarushwa, aliyesimama katikati hana habari. Chagua katikati ya meli, na chini. Bei nayo huwa ya chini, sijui kwa nini watu hawalioni hili.

Siku ikichafuka utaona dalili kabla ya mawimbi yenyewe. Bwawa la kuogelea linatolewa maji au linafungwa wavu. Milango ya sitaha za nje inafungwa. Halafu vifuko vya karatasi vinachomekwa kando ya lifti na kwenye ngazi, na hapo hakuna tangazo lolote bado. Sisi tukiambiwa tuvitoe stoo, tunajua nahodha ameshasoma taarifa.

Usiku ndio kazi. Hanga za kabatini zinagongana mpaka asubuhi, zitoe uzilaze. Simu, miwani na chupa weka kwenye droo au chini kabisa, maana vitafika chini hata hivyo. Ukipita mlangoni usishike fremu: milango ya meli ni mizito na meli ikilala inajifunga yenyewe. Nimeshuhudia kidole cha mgeni. Bafuni kuna vyuma vya kushikia, vishike hata kama unajiona kijana.

Na kelele. Mama, watu wengi hawaogopi kuyumba, wanaogopa kelele. Kuta zinalia kama kitanda cha mbao kilicholegea. Omo ikishuka vibaya inapiga maji, kishindo, na meli nzima inatetemeka toka mbele mpaka nyuma. Mara ya kwanza nilidhani tumegonga mwamba. Nikatapika kwenye ndoo ile ile niliyokuwa nasafishia matapishi ya abiria.

Maswali yaje.

Kibonge wa Temeke

Nimeweka kambi. Ila mkuu, miaka sita bila hata picha moja, hii chai.

Stewadi Mstaafu

Picha ziko kwenye simu iliyoanguka baharini. Mimi nikabaki juu. Kunywa chai, mkuu, ina tangawizi.

Mama Wawili

Kwa tangawizi hiyo hiyo, kaka. Mimi hata daladala la Mbagala hadi Bunju nikikaa nyuma natapika. Hii hali inatokana na nini, na mtu afanye nini kabla hajaaibika? Bibi yangu alikuwa anatupa ndimu tunuse.

Stewadi Mstaafu

Dada, tatizo liko sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna kimtambo cha kupima mwili unavyokwenda. Ukiwa chumbani bila dirisha, macho yanasema tumetulia, sikio linasema tunayumba, ubongo unachanganyikiwa, tumbo linalipa. Kwa hiyo kinachosaidia ni kuyapatanisha macho na sikio: toka nje kama pako wazi, tazama pale bahari inapokutana na mbingu, upate upepo. Simu weka mbali. Kusoma meseji mawimbi yakiwa juu ni kujiitia balaa.

Huwezi, lala chali ufumbe macho. Ushindani unaisha.

Tumbo tupu ni baya kama tumbo lililojaa pilau. Kwetu wafanyakazi tulikuwa tunapewa biskuti kavu na tufaha la kijani, na tangawizi kwa kweli watu wengi iliwasaidia. Ndimu ya bibi sina ubishi nayo, angalau inaua harufu, na harufu ya jirani aliyetapika ndiyo inayoangusha safu nzima ya viti.

Vidonge vipo. Vya cinnarizine au promethazine vinajulikana kwenye maduka ya dawa. Kosa la wengi ni kumeza wakiwa wameshaanza kugeuka rangi. Ukishatapika, kidonge nacho kinatoka. Kinamezwa mapema, saa moja au mbili kabla. Vinaleta usingizi, usichanganye na bia. Huko melini utaona wazungu wana plasta nyuma ya sikio, hiyo ni dawa nyingine, scopolamine. Watu wazima waiendee kwa uangalifu: inaweza kumchanganya mzee akaanza kuongea na ukuta, na haifai kwa mwenye presha ya macho wala mzee mwenye shida ya tezi dume (mbali na ile tezi ya meli). Mama mkwe anameza dawa za presha, kwa hiyo nimemwambia daktari wake kwanza, mimi baadaye.

Na isikutie aibu. Nelson, amiri mkubwa wa Waingereza, alikuwa anatapika baharini maisha yake yote. Darwin, yule mtaalamu wa viumbe, alizunguka dunia na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836, miaka mitano, na tumbo halikuzoea.

Mzee wa Gati

Kijana, umesema vyema lakini umeuruka upepo. Nimekwenda na majahazi kabla hamjazaliwa, acha niongeze.

Huyo mkweo alisafiri mwezi wa saba. Mwezi wa saba ni Kusi kileleni. Kusi linatoka kusini, na Unguja iko kaskazini ya Dar. Kwa hiyo kwenda, upepo uko nyuma, bahari inakusukuma. Kurudi, unaukabili uso kwa uso. Ndiyo maana watu wanakwenda Zanzibar wanacheka na kurudi wamenyamaza. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, mambo yanageuka. Katikati ya Kusi na Kaskazi ipo tangambili, upepo haujui uelekee wapi, bahari inalala. Mwenye moyo mwepesi asafiri tangambili, na asafiri asubuhi, maana upepo huwa unaongezeka jua likipanda.

Jambo la pili. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatangaza "mawimbi yanayofikia mita 2" na mtu anajipima: mita mbili, si urefu wa mlango tu? Sivyo. Kipimo cha wanabahari ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Ndani ya bahari ya mita mbili lipo wimbi moja moja la karibu mita nne. Wakisema boti hazitoki, usigombane na mtu wa dirisha la tiketi. Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja Mafia, boti za Zanzibar zilisimama, na bado palikuwa na watu pale bandarini wanadai wana harusi.

Stewadi Mstaafu

Shikamoo mzee. Hapo kwenye wastani wa mawimbi umenifundisha, miaka sita hakuna aliyenieleza.

Binti wa Chake

Nacheka na nyinyi lakini mimi ni Mpemba, siwezi kucheka mpaka mwisho. Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walitoka watu wanne kwenda Unguja kununua vitu, hawakurudi. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, Skagit nayo ikazama. Kaka Stewadi, unamwambia mama wa watu meli inabembeleza kama mtoto. Ile haikubembeleza.

Stewadi Mstaafu

Pole sana dada, na Mungu awarehemu. Umefanya vizuri kulileta, maana mama mkwe naye ndilo lililo moyoni mwake, hasemi tu. Anauliza kuyumba, anamaanisha kuzama.

Acha niseme ninavyoamini baada ya miaka yote ile. Bahari chafu ni mkaguzi. Haipokei chai. Spice Islander ilijazwa watu na mizigo kupita uwezo wake, na waliokuwa gatini waliona. Skagit ilikuwa chombo cha jimbo la Washington, Marekani, huko ilikuwa inavusha watu kwenye maji ya ghuba yaliyokingwa, ikaletwa huku kukutana na Kusi la Julai. Mimi siwezi kuyalaumu mawimbi kwa hayo. Mawimbi ya Julai yapo kila Julai.

Kutapika hakuhusiani na kuzama. Siku nilizoona abiria wanalia na kuandika meseji za kuaga, sisi chini tulikuwa tunapanga vikombe vya chai ya asubuhi. Kinachotakiwa kumtia mtu hofu hakiyumbi: mlango wa dharura uliofungwa kwa kufuli, maboya yasiyotosha, watu waliokaa kwenye ngazi kwa sababu hakuna siti. Hicho unakiona meli ikiwa bado imefungwa kamba, na pale una miguu ya kushukia.

Msoma Mitandao

Sawa, ila njia yenyewe ya Durban hadi Cape Town si ndiyo kaburi la meli? Waratah 1909 iliondoka Durban kwenda Cape Town na watu zaidi ya mia mbili, mpaka leo haijaonekana. Na Oceanos je? Hiyo ilikuwa ya kitalii kabisa. Mwambie mama mkwe na hilo.

Stewadi Mstaafu

Nimemwambia, mkuu. Ni mwalimu, ungemficha angeenda kusoma mwenyewe.

Kwanza njia. Pwani ile ina mkondo unaitwa Agulhas, unashuka kusini-magharibi kwa kasi ya mtu anayekimbia pole pole. Hali ya hewa ikigeuka, upepo unatoka huko huko kusini-magharibi na kuupiga mkondo usoni. Wimbi likienda kinyume na mkondo linabanwa, linakuwa fupi na lililosimama, kama zulia ukilisukuma kutoka pande mbili. Huko ndiko yanakotokea yale mawimbi makubwa ya ghafla yenye shimo mbele yake. Manahodha wanalijua: upepo ukigeuka wanasogea karibu na pwani, kwenye kina kisichozidi mita 200, ambako mkondo una nguvu ndogo. Au wanabaki bandarini. Waratah haikuwa na taarifa ya hali ya hewa ya setilaiti, hata redio haikuwa nayo.

Oceanos ni kisa kingine, na kwangu ndicho kinachofundisha. Agosti 3, 1991 iliondoka East London, bandari ya huko huko Afrika Kusini, kwenda Durban kwenye dhoruba. Maji yakaingia chumba cha jenereta, umeme ukazima, meli ikawa gogo. Lakini kilichoizamisha ni tundu lililoachwa kwenye ukuta ambao haukupaswa kupitisha maji. Maji yakapita hapo, yakapanda kwa mabomba, yakaanza kutokea vyooni na bafuni sitaha za juu. Nahodha aliondoka na helikopta abiria wakiwa bado wamo. Waliobaki kupanga watu na kuita msaada redioni walikuwa wasanii wa burudani, akiwemo mpiga gitaa Moss Hills. Meli ilizama Agosti 4. Watu wote 571 waliokolewa. Rudieni hiyo namba.

Viking Sky nayo, Machi 2019, pwani ya Norway: injini zilizima kwenye dhoruba kwa sababu mafuta ya kulainishia yalikuwa pungufu, meli ikienda mrama pampu zikawa zinavuta hewa. Watu 479 walinyanyuliwa na helikopta mmoja mmoja, kisha injini zikarudi na meli ikafika bandarini. Mkaguzi alipita, akakuta mafuta hayajajazwa.

Ndiyo maana zoezi la dharura la siku ya kwanza si la kukimbia kwenda kupiga picha. Baada ya Costa Concordia kulala ubavu Italia, Januari 2012, sheria ilikazwa: zoezi linafanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Honi saba fupi na moja ndefu. Ukizisikia unakwenda kituo ulichopangiwa kwa ngazi, si kwa lifti. Mama mkwe ameshazikariri, juzi alizipiga kwa mdomo mezani wajukuu wakadhani ni wimbo.

Mama Wawili

Mkwe wako nimempenda. Na wakikatisha safari kwa sababu ya bahari, hela inarudi?

Stewadi Mstaafu

Kwa kawaida hapana, dada. Ule mkataba wa maandishi madogo unampa nahodha ruhusa ya kuruka bandari au kubadili njia. Unaweza kurudishiwa zile tozo za bandari, basi. Hasa bandari ambazo meli inatia nanga nje na watu wanashushwa kwa viboti: hizo zinafutwa kwa wimbi dogo tu, maana kumvusha mtu mzima kutoka melini kwenda kwenye kiboti kinachopanda na kushuka ni kutafuta mguu uliovunjika. Usikate tiketi ya ndege ya siku ile ile ya kushuka. Acha siku moja katikati.

Kibonge wa Temeke

Haya chai nimeikubali. Mrejesho utaleta?

Stewadi Mstaafu

MREJESHO.

Wakuu, daktari aliruhusu kidonge, na mama mkwe akaamua hangoji Desemba. Akasema mtihani haufanywi bila majaribio. Jumamosi tukaenda Unguja kwa boti ya asubuhi, turudi ile ya mchana, Kusi likiwa linavuma kisawasawa. Nikamkalisha sitaha ya chini, nyuma kidogo ya katikati, karibu na dirisha. Alikataa kifuko cha mhudumu, akasema anacho chake, na kweli alikuwa na mfuko wa mchele wa kilo mbili.

Kwenda, Mzee wa Gati alivyosema: upepo nyuma, tumezungumza mpaka tukaiona Ngome Kongwe. Tukala urojo kidogo, si sana. Saa moja na nusu kabla ya boti ya kurudi akameza kidonge.

Kurudi, wakuu, bahari ilikuwa na lake. Nusu saa tu tangu tutoke bandari ya Malindi, Unguja, nikasikia wa kwanza kule nyuma, halafu wa pili, halafu kama kwaya. Kijana mmoja aliyekuwa anatuonyesha video kwenye simu aliiweka mfukoni kimya kimya. Mimi nilishika siti ya mbele na kutazama mstari wa bahari kama nilivyowaandikia hapa, na nakiri mate yalinijaa mdomoni mara mbili. Ile ya mishtuko mifupi sikuizoea kabisa, miaka sita yangu yote ni ya meli kubwa.

Mama mkwe hakutoa sauti. Nikaogopa kumtazama. Nilipogeuka nikakuta amelala, mdomo wazi, mfuko wa mchele umekunjwa vizuri mapajani. Aliamka tumeshaingia mlango wa bandari, pantoni la Kigamboni linakatiza mbele yetu. Akatengeneza mtandio, akaniuliza, "Baba, ndiyo tunaondoka?"

Binti wa Chake

Mpe salamu zangu. Mwambie Pemba anakaribishwa, ila aje kwa ndege mara ya kwanza.

Kibonge wa Temeke

Sasa mkuu, hapo mmeipima bahari au mmekipima kidonge?

Stewadi Mstaafu

Naye ameuliza hivyo hivyo. Jumamosi ijayo tunarudi bila kidonge. Nauli anatoa yeye.